Samuel Wanjiru: baada ya shule, chuo au mbio?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, swali moja huingia katika nyumba nyingi za Mafia, kuanzia Kilindoni hadi Jibondo. Kijana mwenye kipaji cha michezo aendelee na masomo, au akatafute riziki kwa kipaji chake? Katika makala haya tunamwangalia Mkenya aliyekutana na swali hilo akiwa ugenini, marehemu Samuel Wanjiru.

Wanjiru alizaliwa Nyahururu, Kenya, tarehe 10 Novemba 1986, katika familia yenye maisha magumu. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alikwenda Japani kusoma sekondari ya Sendai Ikuei. Wajapani wanapenda sana ekiden, yaani mbio ndefu za kupokezana barabarani, na baadhi ya shule huwafadhili vijana wa kigeni wenye kasi. Kwa hiyo miguu yake ndiyo iliyomlipia ada. Huko alisoma, akajua Kijapani, na akajifunza kufanya mazoezi kwa ratiba.

Alipomaliza mwaka 2005, njia zilikuwa mbili. Vyuo vikuu vya Japani vina timu za mbio, na Mkenya mwenzake, Mekubo Mogusu, alipita huko kupitia chuo cha Yamanashi Gakuin. Njia ya pili ilikuwa timu za makampuni, ambazo humwajiri mkimbiaji na kumlipa mshahara. Wanjiru alichagua mshahara. Alijiunga na Toyota Kyushu, chini ya kocha Koichi Morishita, mshindi wa medali ya fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992.

Matunda yalionekana mapema. Septemba 2005, akiwa na miaka 18, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni mjini Rotterdam kwa dakika 59 na sekunde 16. Machi 2007 aliishusha hadi dakika 58 na sekunde 33. Tarehe 24 Agosti 2008, kwenye joto la Beijing, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, akiwa na miaka 21 tu. Baadaye alishinda London mwaka 2009, na Chicago mwaka 2009 na 2010.

Mwaka huohuo wa Beijing alikuwa ameachana na timu ya kampuni. Fedha na sifa ziliongezeka, lakini kocha wa kila siku na ratiba ya kambi havikuwapo tena. Mwishoni mwa 2010 matatizo ya nyumbani kwake yalifika mahakamani. Tarehe 15 Mei 2011 alifariki baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu. Alikuwa na miaka 24, umri ambao vijana wengi ndio kwanza wanatoka chuoni.

Hatusemi kwamba alikosea kuchagua mbio. Bila mbio, hata sekondari ya Sendai asingeiona. Tunachowaomba wazazi na vijana wa Mafia ni kuongeza swali moja pale timu inapobisha hodi na mkataba: mkataba huo ukiisha, nani atabaki karibu na kijana huyu?