Ann Lowe: Fundi wa Gauni Lililofika Altareni Bila Jina Lake



Ukipita Usevya baada ya mavuno ya mpunga, majira ambayo harusi hufuatana Jumamosi kwa Jumamosi, utawaona mafundi cherehani kwenye baraza za maduka wakikanyaga mashine zao mpaka giza linaingia. Kila mmoja ana daftari la vipimo, mkasi na lundo la vitambaa vinavyosubiri zamu. Siku ya harusi ikifika, sote tutamsifu bibi harusi alivyopendeza, tutapiga picha na padre, tutakula pilau. Wachache watauliza gauni lile limeshonwa na nani. Wachache zaidi watauliza kama fundi amemaliziwa pesa yake.

Katika toleo hili tunamkumbuka fundi mmoja ambaye gauni lake lilionekana dunia nzima huku yeye mwenyewe hajulikani. Anaitwa Ann Lowe, Mmarekani mweusi, miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kuwa na jina katika ubunifu wa mavazi nchini Marekani. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mmethodisti. Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ilifika mbele ya altare yetu, na maisha yake yana la kutufundisha sisi tunaojiandaa kuwa mapadre na ninyi mnaotulea katika parokia.

Mjukuu wa mtumwa

Ann Lowe alizaliwa mwaka 1898 katika mji mdogo wa Clayton, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Bibi yake, Georgia, alizaliwa utumwani na akajifunza kushona humo humo, kwa kuwavalisha waliommiliki. Mume wake, seremala mweusi aliyekuwa huru, ndiye aliyetoa fedha za kumkomboa. Sisi wa Katavi habari ya namna hii si ngeni kwetu. Tunamkumbuka Adriano Atiman wa Karema, aliyekombolewa utumwani na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari, akawatibu watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyeuzwa kama bidhaa anaweza kubeba mikononi mwake ujuzi ambao hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Georgia na binti yake Janie, mama wa Ann, walikuwa na kazi ya ushonaji mjini Montgomery, wakiwashonea wake wa matajiri wa Alabama. Ann alikulia chini ya meza ya kukatia. Vipande vilivyoanguka sakafuni ndivyo vilivyokuwa midoli yake. Akiwa mtoto mdogo alivikunja na kuvishona vikawa maua. Maua hayo ya kitambaa, yaliyoshonwa kwa mkono, petali moja baada ya nyingine, yalibaki kuwa alama ya kazi yake mpaka uzeeni.

Mwaka 1914 mama yake alifariki ghafla. Mezani palikuwa na magauni manne ya sherehe ambayo hayajakamilika, na mwenye kuyaagiza alikuwa mke wa gavana wa Alabama. Ann alikuwa msichana wa miaka kumi na kadhaa tu. Aliketi kwenye kiti cha mama yake, akayamaliza yote manne, yakapokelewa. Msiba ndio uliomkabidhi ufundi.

Chumba cha peke yake

Aliolewa mapema, na mume wake hakutaka aendelee kushona. Alimtii kwa muda. Kisha, mwaka 1916, akiwa dukani, mama mmoja tajiri kutoka Tampa, Florida, aliona mavazi aliyovaa, akauliza yameshonwa na nani. Ann akajibu kwamba ni yeye. Mama yule akamwalika Tampa aje awashonee binti zake mavazi ya harusi. Ann akamchukua mwanawe mdogo, Arthur, akasafiri. Ndoa yake haikudumu. Hatulitaji hilo kwa kusifu wala kwa kuhukumu, bali kwa sababu maisha ya watu tunaokutana nao katika uchungaji mara nyingi yana jeraha la namna hii nyuma ya mafanikio yao.

Mwaka 1917 alikwenda New York kusoma katika chuo cha ushonaji cha S. T. Taylor. Mkuu wa chuo alishtuka kuona kwamba mwanafunzi aliyetoka Florida ni mweusi. Wanafunzi wazungu hawakutaka kuketi naye darasani. Basi akatengewa chumba cha peke yake, akafundishwa huko. Lakini haikuchukua muda kabla walimu kuanza kuchukua kazi alizoshona kule chumbani na kuzipeleka darasani, wenzake wazione na kujifunza. Wale waliokataa kuketi naye walifundishwa kwa mishono yake. Alimaliza masomo kabla ya muda uliopangwa.

Alirudi Tampa, akafungua duka lake, akafundisha wanawake wengine kazi, na magauni yake yakawa ndiyo yanayotafutwa katika sherehe kubwa za mji ule. Mwaka 1928, akiwa ameweka akiba ya dola 20,000, alihamia New York moja kwa moja.

Mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ukaanguka. Kwa miaka mingi Ann alishona kwa ajili ya maduka ya watu wengine, na lebo iliyoshonwa ndani ya gauni ilikuwa na jina la duka. Mwaka 1947 mwigizaji Olivia de Havilland alipanda jukwaani kupokea tuzo ya Oscar akiwa amevaa gauni lililotoka mikononi mwa Ann, lenye maua yaliyochorwa kwa mkono. Jina lililosifiwa halikuwa la Ann. Ilipofika mwaka 1950, yeye na mwanawe Arthur walifungua duka lao wenyewe, naye Arthur akawa mshika hesabu.

Siku kumi kabla ya harusi

Mwaka 1953 alipata kazi ambayo fundi yeyote angeitamani. Jacqueline Bouvier alikuwa anaolewa na Seneta John F. Kennedy, ambaye baadaye, mwaka 1961, alikuwa rais wa kwanza Mkatoliki wa Marekani. Mama wa bibi harusi alikuwa mteja wa Ann. Alimwagiza ashone gauni la harusi pamoja na mavazi ya wapambe. Gauni peke yake lilitumia yadi 50 za hariri aina ya tafeta yenye rangi ya pembe ya ndovu, karibu mita 45, zikiwa zimekunjwa marinda kwa marinda. Ilikuwa kazi ya wiki nyingi.

Zikiwa zimebaki siku 10, bomba la maji lilipasuka katika karakana yake. Magauni 10 kati ya 15 yaliharibika, na la bibi harusi likiwemo. Mtu anayejua hariri anajua kwamba maji yakishaingia hakuna kupiga pasi kutakakoiokoa.

Ann hakumpigia simu mteja kumweleza. Alinunua kitambaa upya kwa fedha zake, akaongeza mafundi, wakashona usiku na mchana. Gauni la bibi harusi lilikatwa na kushonwa upya kwa siku tano. Kwa hesabu yake, kazi hii ingempa faida ya dola 700. Badala yake ilimletea hasara ya dola 2,200. Familia ile haikuambiwa.

Alisafiri mwenyewe kupeleka magauni Newport, jimbo la Rhode Island. Alipofika kwenye nyumba ya bibi harusi, mtumishi mlangoni alimwelekeza azunguke nyuma, kwenye mlango wa wafanyakazi. Ann alikataa. Alisema kwamba kama ni lazima apite nyuma, basi magauni yanarudi New York pamoja naye. Akafunguliwa mlango wa mbele.

Hapa msomaji anaweza kujiuliza: mwanamke aliyekubali hasara bila kulalamika, kwa nini apiganie mlango? Kwa sababu mambo haya mawili hayafanani. Hasara ya bomba haikuwa kosa la mteja, naye aliona ahadi ni ahadi. Lakini mlango wa nyuma haukutokana na ajali. Ulikuwa ni tamko kwamba mikono yake inakubalika na yeye hakubaliki. Ubaya wa pesa aliweza kuubeba. Huu hakuwa tayari kuubeba.

Tarehe 12 Septemba 1953, katika kanisa la Mtakatifu Maria mjini Newport, Askofu Mkuu Richard Cushing wa Boston aliongoza Misa ya ndoa, na baraka ya Baba Mtakatifu Pius XII ikasomwa. Magazeti yalieleza gauni lile kwa kirefu: kitambaa, mikunjo, shingo yake. Fundi hakutajwa.

Barua ya mwaka 1961

Jacqueline Kennedy alipokuwa mke wa rais, jarida moja kubwa la wanawake lilichapisha habari za harusi yake, na likasema gauni lilishonwa na mwanamke mweusi, fundi wa nguo tu, bila jina. Ann aliumia. Mwezi Aprili 1961 aliandika barua kwa mke wa rais. Hakuomba fedha wala hakutishia. Alieleza kwamba maneno yale yamemdhalilisha, kwamba amefanya kazi maisha yake yote ili ahesabiwe kuwa mbunifu, na kwamba kama hatatajwa ipasavyo ni afadhali asitajwe kabisa.

Miaka hiyo ilikuwa migumu kwake. Arthur alifariki katika ajali ya gari mwaka 1958, na pamoja naye ikazikwa nidhamu ya hesabu za duka. Ann alikuwa fundi hodari lakini hakuwa mfanyabiashara. Alitoza bei ndogo mno, na wateja wake, matajiri wakubwa wa nchi, walijua hivyo na bado wakaomba kupunguziwa. Kuna magauni aliyoyauza kwa bei isiyorudisha hata gharama ya kitambaa na mishahara ya mafundi wake. Madeni yakajaa. Mwaka 1962 mamlaka ya kodi ilimfungia duka kwa deni la dola 12,800. Mwaka huo huo aliondolewa jicho la kulia kwa sababu ya ugonjwa wa presha ya macho.

Deni lile lililipwa na mtu ambaye hakujitambulisha. Ann aliamini mpaka kufa kwamba alikuwa Jacqueline Kennedy. Baadaye jicho la kushoto nalo liliingia mtoto wa jicho, likapasuliwa, likapona. Alirudi kwenye sindano. Mwaka 1968 alifungua duka jingine katika barabara ya Madison jijini New York, na akastaafu mwaka 1972, akiwa na zaidi ya miaka 70. Alifariki tarehe 25 Februari 1981, akiwa nyumbani kwa binti aliyemlea. Leo magauni yake yamehifadhiwa katika makumbusho makubwa ya Marekani, na jina lake limeandikwa pale.

Sisi na fundi wetu

Mwaka huo huo aliofariki, mwezi Septemba 1981, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alitoa waraka wa Laborem Exercens kuhusu kazi ya binadamu. Kiini cha mafundisho yake ni kwamba thamani ya kazi inatokana kwanza na anayeifanya, si na kitu kilichofanywa. Gauni linaweza kuwa la hariri au la kitenge. Aliyelishona ni mtu kamili. Maisha ya Ann Lowe yanaonyesha inavyokuwa watu wanapoligeuza jambo hili: wanaitukuza kazi na kumsahau mfanyakazi. Mtume Yakobo naye aliwaonya matajiri kuhusu ujira waliouzuia kwa wavunaji wa mashamba yao, kwamba kilio cha wavunaji kinafika mbele za Mungu.

Tusidhani onyo hilo ni la matajiri wa Newport peke yao. Parokiani kwetu kuna mama anayeshona sare za kwaya na za WAWATA, kuna fundi anayeshona magauni ya Komunyo ya Kwanza. Mara ngapi tunamwambia apunguze kwa kuwa ni kazi ya Mungu? Mara ngapi sare zinavaliwa siku ya sikukuu, na salio linafuatiliwa miezi mitatu? Kujitolea ni jambo jema, lakini anayejitolea ni yule aliyechagua mwenyewe. Anayelazimishwa kwa aibu amedhulumiwa.

Nanyi ndugu zangu waseminari, siku moja, Mungu akipenda, mtavaa alba na kasula kwa mara ya kwanza, na watu watapiga vigelegele. Vazi hilo litakuwa limepita mikononi mwa mtu aliyeinama juu ya cherehani, pengine usiku, pengine kwa taa ya sola. Jueni jina lake. Mlipeni kabla ya siku ya upadrisho, si baada yake. Na akija siku hiyo kwenye sherehe, apite mlango ule ule wanaopita wageni wengine.