John Newton: Msee Aliyeokoka, Kisha Akaendelea Kuuza Watu

Ile ngoma ya Amazing Grace unaijua. Umeiskia kanisani, umeiskia matangani. Lakini stori ya aliyeiandika pengine ulipewa nusu: nahodha wa meli ya watumwa alipigwa na dhoruba, akaokoka, akawacha hiyo biashara. Hapo pa mwisho ulichezwa.

John Newton alizaliwa London mwaka wa 1725. Mathake alikuwa mtu wa maombi, lakini kifua kikuu kilimmaliza kabla kijana afike miaka 7. Mbuyu alikuwa nahodha, kwa hivyo akiwa na miaka 11 Newton alikuwa tayari baharini. Akakua mkora. Akashikwa kwa nguvu akaingizwa jeshi la wanamaji, akahepa, akarudishwa na kuchapwa viboko. Mwishowe akajipata pwani ya Sierra Leone akimfanyia kazi mzungu mmoja muuza watumwa, na huko akalala njaa mpaka akawa anakula mizizi mibichi. Unajua nani walikuwa wanamletea chakula kisiri? Watumwa waliofungwa minyororo.

Machi 1748 alikuwa anarudi nyumbani na meli ya Greyhound, dhoruba ikaipasua usiku. Jamaa aliyetangulia kupanda juu alibebwa na mawimbi. Newton akapiga pampu mpaka karibu saa sita mchana, kisha akakamata usukani masaa mengi. Huyu ndiye alikuwa akimtukana Mungu kuliko mabaharia wote, na siku hiyo akaanza kuomba. Karibu mwezi mmoja baadaye wakafika Ireland, chakula kimewaishia.

Matusi aliwacha. Watumwa je? Mwaka huo huo alirudi Afrika kuwachukua. 1750 akamwoa Mary, dame aliyempenda tangu ujana, na mwaka huo akapewa meli yake mwenyewe. Alisafiri mara 3 kama nahodha. Jumapili anawaongoza mabaharia kwa ibada, na hapo chini ya mbao watu kama wale waliomlisha wamepangwa kama mizigo. Safari moja aliwabana vijana vidole kwa chuma ili waseme nani anapanga uasi. Aliandika mwenyewe kwa daftari ya meli.

Usikimbilie kumwita mnafiki. Alikuwa anasoma Biblia kila siku na kumwomba Mungu ampe kazi yenye utu zaidi, ila hiyo aliyokuwa nayo hakuiachilia. Kazi ilikuwa halali, ilikuwa na heshima, na ilikuwa na doo. Wewe pia unajua vile mtu anaweza kutubia pombe na asiguse kile kinachomlipia nyumba. Kilichomtoa baharini 1754 kilikuwa ugonjwa, alipata mshtuko akaanguka, daktari akamkataza kusafiri.

1764 akawa kasisi wa Olney, kijiji cha watu maskini. Ile ngoma aliiandikia ibada ya mwaka mpya wa 1773, na bado hakuwa amepinga biashara ya watumwa hadharani. Mimi hapo ndipo hukwama nikiiskia.

Baadaye alikubali kwamba siku ya dhoruba hakuwa bado muumini kamili, alikuwa ameanza tu. Mwaka wa 1785 mbunge kijana, William Wilberforce, alimfuata London akitaka kuwacha siasa amtumikie Mungu. Newton akamshauri abaki bungeni. Halafu 1788, miaka 40 tangu ile dhoruba, mzee akachapisha kijitabu kuhusu biashara hiyo. Akaanika yote: minyororo, vifo, aibu yake, na kwamba amechelewa sana kuongea. Akaitwa pia kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge, akaenda.

Sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa ilipita Uingereza Machi 1807. Newton, macho yameisha, alikufa Disemba ya mwaka huo akiwa na miaka 82.