Bear Bryant: kocha aliyerudi nyumbani wakati ekipe ilikuwa imekufa

Mwishoni mwa mwaka 1957, wapenzi wa ekipe ya Chuo Kikuu cha Alabama, kusini mwa Marekani, walikuwa wamechoka kabisa. Miaka mitatu, mechi 30, ushindi 4 tu. Mwaka 1955 ekipe yao ilicheza mechi 10 na kupoteza zote 10. Halafu Auburn, chuo kikuu kingine cha jimbo hilohilo, kikawapiga pointi 40 kwa 0, na mwaka ule ule kikawa bingwa wa nchi. Kila mpenzi wa mpira anajua hiyo: kupoteza kunauma, lakini kupoteza wakati jirani anabeba kombe kunauma mara mbili.

Tunazungumza hapa mpira wa Kimarekani, si mpira wa miguu. Watu 11 kila upande, mpira wenye umbo la yai, wachezaji wanavaa kofia ngumu, wanaubeba mkononi na kusukumana mpaka kuvuka mstari wa mwisho wa adui. Wachezaji wa chuo kikuu ni wanafunzi, lakini viwanja vinajaa watu kwa makumi ya maelfu. Alabama haina ekipe kubwa ya kulipwa. Kwa wakaaji wengi wa jimbo, chuo kikuu ndiyo ekipe yao, na siku ya posho ndiyo siku ya mechi.

Katika shida hiyo waliita mtoto wa nyumbani: Paul Bryant.

Alizaliwa tarehe 11 Septemba 1913 huko Moro Bottom, kijiji kidogo karibu na Fordyce, katika jimbo la Arkansas. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi na pesa kidogo. Baba alikuwa mgonjwa, basi mama ndiye aliyeshika familia: walilima, wakapakia mazao kwenye gari la kukokotwa na nyumbu, wakaenda kuuza mjini. Wanasimulia kwamba akiwa na miaka 13 hivi alikubali kupigana mieleka na dubu kwenye jumba la maonyesho la Fordyce, juu aliahidiwa dola moja kwa kila dakika. Mwenye dubu aliondoka bila kumlipa. Kilichobaki ni jina: Bear, maana yake Dubu.

Mpira ulimtoa katika umaskini. Alabama ikampa nafasi ya kusoma, na alikuwa kwenye ekipe iliyoshinda mechi zote mwaka 1934. Hakuwa nyota. Nyota alikuwa Don Hutson, aliyecheza upande wa pili. Lakini mwaka 1935 Bryant aliingia uwanjani kucheza na Tennessee huku mfupa wa mguu wake umevunjika, na Alabama wakashinda. Watu hawakusahau hiyo.

Kisha akawa kocha. Alianzia Maryland mwaka 1945, akaenda Kentucky kwa miaka minane, halafu mwaka 1954 akaingia Texas A&M. Huko ndiko alionyesha ukali wake wote. Kabla ya msimu kuanza alipeleka wachezaji Junction, mahali pakavu pa Texas, wakati wa ukame mkubwa. Siku kumi hivi za mazoezi chini ya jua kali, bila kuwaruhusu kunywa maji uwanjani. Wengi walitoroka. Kati ya vijana karibu 100, waliomaliza walikuwa kama theluthi moja. Mmoja alianguka kwa joto, akaponea chupuchupu. Msimu ule walishinda mechi 1 na kupoteza 9. Miaka miwili baadaye ekipe hiyo ilimaliza msimu bila kupoteza hata mechi moja. Kuna wanaoisifia Junction mpaka leo, lakini Bryant mwenyewe, alipozeeka, alikubali kwamba alivuka mpaka na wale vijana.

Huyo ndiye Alabama walimwita. Alieleza kurudi kwake kwa mfano wa mtoto aliyeitwa na mama yake: hana la kufanya, anarudi tu.

Wengi walingoja muujiza. Mechi ya kwanza ya mwaka 1958 alipoteza mbele ya LSU, 13 kwa 3. Akatoka sare na Vanderbilt, 0 kwa 0. Akapoteza tena mbele ya Tennessee na Tulane. Mwishoni mwa msimu Auburn wakashinda, 14 kwa 8, mwaka wa tano mfululizo. Hesabu ya mwaka: ushindi 5, sare 1, kupoteza 4. Kwenye karatasi haikuwa kitu cha kusherehekea.

Lakini aliyekuwa uwanjani aliona kitu kingine. Ekipe haikupigwa tena 40. Hakuna aliyewashinda kwa zaidi ya pointi 10. Vijana walikimbia mpaka dakika ya mwisho. Na ushindi 5 katika mwaka mmoja ulizidi ule wa miaka mitatu iliyopita yote pamoja. Kocha hakuwapa wapenzi kombe. Aliwapa sababu ya kurudi tena siku ya posho.

Kulikuwa pia na jambo ambalo halikuonekana. Siku zile, sheria haikuruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza kwenye ekipe kubwa. Vijana ambao Bryant aliwachagua mwenyewe mwaka 1958, kati yao Pat Trammell na Billy Neighbors, walikaa mwaka mzima wakifanya mazoezi tu. Hata angekuwa kocha mkubwa namna gani, hakuweza kuharakisha hiyo. Mwaka 1959 walianza kucheza, na Alabama ikaipiga Auburn 10 kwa 0. Mwaka 1961 walikuwa kwenye mwaka wao wa nne: mechi 11, ushindi 11, na wapinzani wote pamoja walipata pointi 25 tu kwa msimu mzima. Auburn ilipigwa 34 kwa 0. Alabama ikawa bingwa wa nchi. Kutoka 0 kwa 10 mpaka kilele, ilipita miaka sita. Kwa Bryant, miaka minne.

Kombe zingine zilifuata mwaka 1964 na 1965. Lakini kulikuwa na watu wa Alabama ambao uvumilivu wao haukuhesabiwa na mtu. Wachezaji wote walikuwa wazungu. Watu weusi walilipa kodi katika jimbo lilelile, walisikiliza mechi kwenye radio kama wengine, lakini mtoto wao hakuweza kuvaa nguo ya ekipe. Mwezi Juni 1963, Gavana George Wallace alisimama mwenyewe mlangoni mwa chuo kuzuia wanafunzi wawili weusi kujiandikisha, mpaka serikali ya Kennedy ikamlazimisha kupisha. Bryant alikuwa na nguvu kuliko wanasiasa wengi wa pale. Hata hivyo miaka ilipita, na ekipe ikabaki vilevile. Wanaomtetea wanasema wakati ulikuwa bado. Wengine wanajibu kwamba mtu mwenye nguvu kama zile angeweza kuuharakisha.

Halafu ekipe ikaanguka tena. Mwaka 1969, ushindi 6, kupoteza 5. Mwaka 1970 haikuwa afadhali. Watu walewale waliomshangilia wakaanza kunong'ona kwamba mzee amekwisha. Tarehe 12 Septemba 1970, huko Birmingham, ekipe ya Southern California ikaja na wachezaji weusi, kati yao Sam Cunningham, ikashinda 42 kwa 21. Wengi husema mechi hiyo ndiyo ilifungua mlango. Ukweli ni kwamba Wilbur Jackson, kijana mweusi, alikuwa tayari ameandikwa kwenye ekipe, lakini alikuwa wa mwaka wa kwanza na alipaswa kungoja.

Mwaka uliofuata Bryant alibadilisha mchezo wote, kwa siri, akiwa na miaka karibu 58. Alabama ikaenda Los Angeles kukutana na Southern California ileile, ikashinda 17 kwa 10. Siku ile John Mitchell akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuchezea Alabama. Mwaka 1972 alikuwa mmoja wa makapiteni, na mwaka 1973 Bryant akamchukua kuwa kocha msaidizi. Manung'uniko yakaisha. Alabama ikabeba tena kombe mwaka 1973, 1978 na 1979.

Mwaka 1982, msimu wake wa mwisho, alipoteza mechi tatu mfululizo, na ya tatu ilikuwa ya Auburn, 23 kwa 22. Mara hii hakungoja watu waseme. Mwezi Desemba alitangaza kwamba anaondoka, akashinda mechi ya kuaga, na hesabu yake ikafungwa kwenye ushindi 323. Moyo wake ulisimama tarehe 26 Januari 1983. Hazikupita hata siku 30 tangu mechi ile.

Maelfu ya watu walisimama kandokando ya barabara kutoka Tuscaloosa mpaka Birmingham, mahali alipozikwa. Jeneza lilibebwa na wachezaji wanane wa ekipe yake ya mwisho, wazungu na weusi pamoja.