Krapf na Makaburi ya Nyali

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama Isiolo akielekea kusini huuona Mlima Kenya. Wanafunzi wetu hukariri darasani kwamba Johann Ludwig Krapf ndiye Mzungu wa kwanza kuuona mlima huo, tarehe 3 Desemba 1849, alipokuwa Ukambani. Wakishalijibu swali hilo katika mtihani, Krapf huwekwa kando. Jambo hilo hunisikitisha, maana mlima haukuwa shabaha ya safari zake. Aliokuwa akiwatafuta ni Waoromo, ambao ndugu zao Waborana ni miongoni mwa wenyeji wa Isiolo.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani, akiwa mwana wa mkulima. Mwaka 1837 alipelekwa Uhabeshi na chama cha wamishenari wa Kianglikana, CMS. Akiwa Shoa alijifunza Kioromo, akaanza kutafsiri sehemu za Injili kwa lugha hiyo. Njia ya kaskazini ilipofungwa mbele yake, alikata shauri kuwafikia Waoromo kwa kupitia pwani yetu. Tayari yeye na mkewe, Rosine, walikuwa wamemzika mtoto wao wa kwanza huko Uhabeshi, aliyezaliwa na kufa nyikani. Walimpa jina Eneba, yaani chozi.

Waliwasili Mombasa mwaka 1844. Kabla mwaka haujafika mwisho, homa iliwaangusha wote wawili. Mwezi Julai Rosine alijifungua binti, na siku chache baadaye akafariki. Mtoto naye akamfuata. Kwa matakwa yake mwenyewe Rosine alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao kilichomleta. Krapf, aliyekuwa bado hoi kwa homa, aliwaandikia wakubwa wake Ulaya. Hakuomba kurudishwa nyumbani. Aliwaeleza kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi imeanza katika sehemu hii ya dunia, na kwamba Kanisa husonga mbele juu ya makaburi ya watu wake.

Msomaji asiye makini aweza kudhani haya ni maneno ya mtu asiye na huruma. Mimi naona ni hesabu, na hesabu yenyewe ni ya Mtume Paulo. Katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, Paulo alijenga hoja ambayo Mkristo hawezi kuikwepa: ikiwa Kristo hakufufuka, imani ni bure, wenye dhambi wangali katika dhambi zao, na waliolala wamepotea. Hakuacha mlango wa kutorokea. Hakusema kwamba hata bila ufufuo yangebaki mafundisho mema ya kutufaa. Kwa hoja hiyo, kama kaburi la Yesu halikuwa tupu, basi Krapf alimpoteza mkewe na watoto wawili bila faida yoyote.

Imani hiyo haikuwa rahisi kuieleza pwani. Waislamu wa Mombasa waliijua Kiyama tangu kale, na kadhi Ali bin Muhiddin mwenyewe alimsaidia Krapf kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Walipoachana ni juu ya Yesu kufa na kufufuka, na hapo ndipo wanafunzi wetu wa dini mbili wanaoketi dawati moja hapa Isiolo wanapoachana hadi leo. Wamijikenda wa Rabai, ambako Krapf alihamia mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, waliwaheshimu koma, roho za wazee waliotangulia. Kwao mfu hakuwa mbali kamwe. Lakini kusema kwamba mwili wenyewe utainuka, na kwamba mmoja amekwisha kuinuka, lilikuwa neno geni.

Mavuno ya Rabai yalikuwa haba mno. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa kiwete mgonjwa, naye alifariki muda mfupi baada ya ubatizo. Mzao wa kwanza naye akaingia kaburini! Krapf alikuwa na kasoro zake, na baadhi ya aliyoyaandika kuhusu wenyeji hayapendezi kusomwa leo. Ila sijaona mahali alipohesabu vifo hivyo kuwa hasara.

Mwaka 1853 aliondoka Rabai, afya imemharibikia. Alirudi mara moja, mwanzoni mwa miaka ya 1860, kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe. Kwa Waborana hakufika. Mwezi Novemba 1881 alikutwa amefariki nyumbani kwake Korntal, Ujerumani, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata. Kaburi la Rosine lingali Nyali.