Johnny Unitas: Nyota aliyeuzwa na klabu aliyoijenga

MNAMO Januari 1973, klabu ya Baltimore Colts nchini Marekani ilimuuza Johnny Unitas kwa San Diego Chargers, timu ya pwani ya magharibi ambayo ilikuwa ikishika mkia. Unitas alikuwa na umri wa miaka 39. Alikuwa ameitumikia Colts kwa misimu 17, akaishindia mataji na kuupa mji wa Baltimore sababu ya kujivunia mbele ya majirani wake matajiri wa New York na Washington. Habari za kuuzwa kwake alizipata kutoka kwa mwanahabari. Klabu yenyewe haikuwa imemwambia lolote.

Asante ya punda ni mateke, Waswahili husema. Hata hivyo, kisa cha Unitas hakiishii kwenye mateke hayo, na ili kukielewa sharti kwanza mtu aujue mchezo aliocheza na njia ndefu iliyomfikisha kileleni.

Futiboli ya Kimarekani haifanani na soka tuliyoizoea. Mpira wake una umbo la yai na huchezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Kila shambulio huanzia mikononi mwa mchezaji mmoja aitwaye kotabeki. Huyo ndiye huamua, katika muda wa sekunde chache huku majitu ya timu pinzani yakimjia mbio, kama ataurusha mpira kwa mwenzake aliye mbali, atampokeza mkimbiaji au atakimbia nao mwenyewe. Timu hupata alama sita mchezaji wake anapouvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani, na alama tatu ukipigwa teke ukapita kati ya milingoti. Kotabeki akiwa mahiri timu huneemeka. Akiyumba, wote huyumba pamoja naye.

Utoto wa makaa

John Constantine Unitas alizaliwa Mei 7, 1933, mjini Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania, kwenye familia yenye asili ya Lithuania. Baba yake, aliyekuwa na biashara ndogo ya kusambaza makaa ya mawe, alifariki Johnny akiwa na umri wa miaka mitano tu. Mama yake, Helen, alibaki na watoto wanne. Aliiendeleza biashara ya marehemu mumewe, akafanya vibarua na kujifunza uwekaji hesabu ili watoto wasilale njaa. Wengi waliomfahamu Unitas ukubwani waliamini kwamba ukakamavu wake aliurithi kwa mama huyo.

Akiwa shuleni, ndoto yake ilikuwa kuichezea Chuo Kikuu cha Notre Dame. Alikataliwa kwa kuwa alionekana mdogo mno wa mwili. Chuo Kikuu cha Louisville kilimpokea, naye akacheza huko hadi 1954. Mwaka uliofuata, timu ya mji wake wa nyumbani, Pittsburgh Steelers, ilimchagua katika raundi ya tisa, akiwa mchezaji wa 102 kuteuliwa. Furaha hiyo haikudumu. Kabla ya msimu kuanza, kocha Walt Kiesling alimtema bila kumpa nafasi ya kurusha mpira hata mara moja katika mechi. Kijana huyo, aliyekwisha kuoa, alirejea nyumbani akiomba lifti barabarani.

Alipata kazi ya ujenzi. Wikendi aliichezea Bloomfield Rams, timu ya mtaani iliyotumia viwanja vibovu, kwa malipo ya dola sita kwa mechi. Wengi wangekata tamaa. Yeye alisubiri.

Mwanzo mbaya

Mnamo 1956, Baltimore Colts, iliyokuwa chini ya kocha Weeb Ewbank, ilimwita kwa majaribio na kumpa mkataba wa dola 7,000. Alikuwa mchezaji wa akiba hadi mechi ya nne, wakati kotabeki wa kwanza, George Shaw, alipovunjika mguu dhidi ya Chicago Bears. Unitas aliingia. Mpira wake wa kwanza ulinyakwa na mpinzani ambaye alikimbia nao hadi mstari wa mwisho. Colts ikachapwa 58-27.

Wahenga walinena kwamba siku njema huonekana asubuhi, lakini asubuhi hiyo iliwadanganya waliohudhuria. Kabla ya mwaka kwisha Unitas alikuwa ameanza mfululizo wa mechi 47 ambamo kila moja alirusha angalau pasi moja iliyozaa bao. Rekodi hiyo haikuvunjwa hadi Oktoba 2012, miaka 52 baada ya mfululizo huo kukatika, na aliyeivunja ni Drew Brees wa New Orleans Saints.

Kilele cha umaarufu wake kilikuwa Desemba 28, 1958, katika uwanja wa Yankee Stadium jijini New York, Colts ilipokutana na New York Giants katika fainali ya ligi ya NFL. Zikiwa zimesalia takriban dakika mbili, Colts ilikuwa nyuma 17-14 na mpira ulikuwa karibu na lango lake yenyewe. Unitas, aliyekuwa na desturi ya kujichagulia mashambulizi bila kungoja maagizo kutoka kando ya uwanja, alimlenga Raymond Berry mara tatu mfululizo na kuisogeza timu hadi karibu na lango la Giants. Steve Myhra akapiga teke la kusawazisha zikiwa zimebaki sekunde saba.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya fainali hiyo, mchezo uliingia muda wa ziada. Unitas aliiongoza timu yake yadi 80 kwa mashambulizi 13 hadi Alan Ameche akauvusha mpira mstarini, na Colts ikashinda 23-17. Mamilioni walikuwa wakitazama kupitia runinga. Wanahistoria wengi wa mchezo huo wanaamini kwamba ni jioni hiyo futiboli ilipoanza safari ya kuupiku mchezo wa besiboli katika mapenzi ya Wamarekani. Mwaka uliofuata Colts iliishinda tena Giants katika fainali, 31-16.

Unitas hakuwa na mbwembwe. Nywele zake alizikata fupi kama za askari na viatu vyake vilikuwa vyeusi, virefu hadi juu ya vifundo, hata wakati vijana walipoanza kuvaa vyeupe vya kisasa. Wakazi wa Baltimore, wengi wao wafanyakazi wa bandari na viwanda vya chuma, walijiona ndani yake.

Mwili wachoka

Miaka haimsubiri mtu. Mnamo 1968 kiwiko cha mkono wake wa kurushia kiliumia kabla ya msimu kuanza, na Earl Morrall akachukua nafasi yake. Katika Super Bowl ya Januari 1969, Colts iliyopigiwa upatu kushinda ililazwa 16-7 na New York Jets, iliyonolewa na Ewbank yule yule ambaye Colts ilikuwa imemfuta kazi. Unitas aliingizwa kipindi cha pili na kuongoza bao pekee la timu yake. Miaka miwili baadaye, Januari 1971, alirusha pasi ya yadi 75 iliyomfikia John Mackey akafunga, kabla ya kuumizwa mbavu na kutoka. Colts iliishinda Dallas Cowboys 16-13 na kutwaa taji hilo.

Mabadiliko makubwa yalikuja Julai 1972. Mmiliki wa Colts, Carroll Rosenbloom, alibadilishana klabu na mfanyabiashara Robert Irsay, aliyekuwa ameinunua Los Angeles Rams. Irsay alimkabidhi Joe Thomas usimamizi wa timu. Colts ilipopoteza mechi nne kati ya tano za kwanza, kocha Don McCafferty alitimuliwa, na aliyemrithi akaamrishwa amweke Unitas kwenye benchi. Nafasi yake ikapewa Marty Domres.

Kwa upande wa hesabu, Thomas alikuwa na hoja. Timu ilikuwa imezeeka, na mkono wa Unitas haukuwa tena ule wa 1958. Kila klabu hufikia siku ya kuwaachilia wakongwe wake, na anayekataa kufanya hivyo huwaibia vijana nafasi. Walichokataa kukimeza mashabiki ni namna jambo hilo lilivyofanywa.

Desemba 3, 1972, Colts ilicheza mechi yake ya mwisho ya msimu nyumbani, dhidi ya Buffalo Bills. Ndege ndogo ilizunguka juu ya Memorial Stadium ikivuta bango la kumsifu Unitas. Katika robo ya nne aliitwa kutoka benchi, na uwanja mzima ukasimama. Alirusha pasi kwa Eddie Hinton, aliyeudaka mpira na kukimbia nao kukamilisha yadi 63 na kufunga. Jungu kuu halikosi ukoko. Colts ilishinda 35-7, na hiyo ikawa mara ya mwisho kwa watu wa Baltimore kumwona akiwachezea.

San Diego ilimlipa mshahara mkubwa kuliko wowote aliowahi kupata, lakini haikuweza kumrudishia ujana. Mapema katika msimu wa 1973 alikuwa mchezaji wa kwanza katika historia kufikisha yadi 40,000 kwa pasi. Kisha mnamo Oktoba alirudi Pittsburgh, mji aliozaliwa, kukabiliana na Steelers, timu iliyomtema miaka 18 kabla. Kufikia mapumziko Chargers ilikuwa imelimwa 38-0, na kipindi cha pili kilianza na chipukizi Dan Fouts mahali pake. Hakuanza mechi nyingine tena. Alistaafu mnamo Julai 1974, akiwa na yadi 40,239 na mabao 290 ya pasi.

Uaminifu kwa mji

Maisha ya baadaye hayakuwa mepesi. Aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo mnamo 1979, lakini biashara zake kadhaa ziliporomoka na 1991 alitangaza kufilisika. Magoti yake yalibadilishwa kwa ya bandia. Vidole vya mkono wa kulia, mkono ule uliowapa raha maelfu, vilikosa nguvu hata ya kushika kijiti cha gofu bila kufungwa kwa mshipi. Aliomba malipo ya ulemavu kutoka kwa mfuko wa wachezaji wa ligi, akanyimwa.

Usiku wa kuamkia Machi 29, 1984, Irsay aliipakia Colts kwenye malori na kuihamishia Indianapolis. Unitas alikataa katakata kuhusishwa na timu hiyo mpya. Aliona kwamba yeye na wenzake waliichezea Baltimore. Ravens ilipoanzishwa mjini humo mnamo 1996, alikuwa akionekana mara kwa mara kando ya uwanja wake.

Aliaga dunia Septemba 11, 2002, kwa mshtuko wa moyo alipokuwa akifanya mazoezi katika kituo cha tiba huko Timonium, karibu na Baltimore. Alikuwa na umri wa miaka 69. Peyton Manning, kotabeki wa Colts ya Indianapolis, alitaka kuvaa viatu vyeusi kumuenzi, lakini ligi ikamwonya kwamba angetozwa faini. Chris Redman wa Ravens, aliyesoma Louisville kama Unitas, alivivaa na kutozwa dola 5,000.

Manning naye alikuja kuonja kikombe hicho. Machi 2012, baada ya upasuaji wa shingo kumweka nje msimu mzima, Colts ilimwachilia. Tofauti ni kwamba mmiliki, Jim Irsay, mwana wa Robert, aliketi kando yake mbele ya wanahabari na kumuaga hadharani, huku sauti za wote wawili zikitetemeka. Manning alikwenda Denver na akashinda Super Bowl Februari 2016.

Uamuzi ulikuwa ule ule, kuachana na mchezaji mkongwe aliyeumia. Lakini mmoja aliambiwa ana kwa ana na mwingine akaachwa asikie kwa watu. Leo sanamu ya Unitas imesimama nje ya uwanja wa Ravens mjini Baltimore, na mashabiki huupapasa mguu wake wenye kiatu cha shaba wanapoingia kutazama mechi.