Maisha ya Daktari Albert Cook wa Mengo

Hapa Shelui na katika Iramba yote wako vijana wa sharika zetu wasomao uganga. Miaka ya kwanza hukaa darasani na vitabu vyao. Kisha hufika siku ya kuingia wodini, na hapo mgonjwa si picha ya kitabuni tena, bali ni mama wa mtu, naye anaugua. Wengi hutetemeka siku ile. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi wao, tumeona vema kueleza habari za mtu mmoja aliyeijua kazi hiyo.

Albert Cook alizaliwa Hampstead, London, mwaka 1870. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza uganga katika hospitali ya Mtakatifu Bartolomayo, London. Angeweza kukaa kwao na kupata fedha nyingi, lakini alijitoa kwa kazi ya misioni ya Kianglikana. Mwaka 1896 alifika Mombasa pamoja na wenzake. Siku zile reli ilikuwa haijafika mbali, basi wakashika njia kwa miguu, wakafika Mengo mwezi wa Februari 1897. Katika msafara ule alikuwamo muuguzi, Bibi Katharine Timpson, ambaye Daktari Cook alimwoa mwaka 1900.

Mwaka ule ule wa 1897 hospitali ya Mengo ikaanza katika nyumba ya nyasi. Watu wakaja kwa wingi, hata ikapasa kujenga nyumba kubwa zaidi. Mwaka 1902 radi ikaipiga nyumba ile, ikateketea. Daktari hakurudi kwao, bali wakajenga tena. Pamoja naye alikuwako ndugu yake, Jack Cook, daktari kama yeye. Nao mwaka 1901 walikuwa wa kwanza kuutambua ugonjwa wa malale katika Uganda, ambao baadaye uliwaua watu wengi mno kando ya Ziwa.

Tena alijifunza Kiluganda, akatunga kitabu cha maneno ya uganga na ya kuzungumza na mgonjwa kwa lugha hiyo, kikapigwa chapa mwaka 1903. Kadhalika aliandika habari za wagonjwa wake kwa uangalifu, na maandiko hayo yametunzwa hata siku zetu.

Aliona wazi ya kuwa madaktari wachache wa kigeni hawatoshi. Basi mwaka 1917 shule ya kuwafundisha Waafrika kazi ya uganga ikaanzishwa pale Mengo, penye wagonjwa wenyewe. Mkewe naye akaanzisha shule ya wakunga, kwa maana akina mama na watoto wachanga walikuwa wakifa ovyo. Daktari Cook alipewa heshima na Mfalme wa Uingereza mwaka 1932, akastaafu mwaka 1934, lakini hakuiacha Uganda. Alifariki Kampala mwaka 1951.

Sasa, vijana wetu, liangalieni jambo hili. Ninyi mnafundishwa kwa Kiingereza, lakini bibi aliyeletwa kutoka kijiji cha chini ya mlima wa Sekenke hueleza maumivu yake kwa Kinyiramba. Kijana aliyeshinda mitihani yote, asipoweza kumwuliza bibi huyo kwa upole, na kumngoja amalize kusema, atatibu ugonjwa usiokuwapo, na ule uliopo utamwua. Daktari Cook alikuwa na elimu ya Cambridge, walakini alikubali kuwa mwanafunzi tena, akijifunza kwa wagonjwa wenyewe jinsi wanavyoyaita maumivu yao.

Basi ingieni wodini kwa unyenyekevu. Msalimuni mgonjwa kabla ya kumgusa. Nawani mikono. Andikeni mliyoyaona. Msilolijua, ulizeni mkuu wenu au muuguzi wa siku nyingi, wala msione haya. Kwa kuwa aibu ya kuuliza hupita, bali kosa la kutouliza huweza kuzikwa pamoja na mtu.

Nasi wazazi na wazee wa sharika, kijana akirudi nyumbani amenyamaza kwa sababu mgonjwa wake wa kwanza amekufa, tusimcheke wala tusimwulize habari za mshahara. Tuketi naye, tumsikilize, tuombe pamoja naye, kisha tumrudishe kazini. Bwana aliyewagusa wenye ukoma awaongoze mikono yao. Amina.