Bach: Buda wa watoi 20 aliyemwandikia kijana wake kitabu cha kinanda kwa mkono

Ukisikia jina Johann Sebastian Bach, picha inayokujia labda ni ya mzee mnono wa wigi jeupe, uso umekunjwa kama mwalimu wa zamu. Unapita, unaenda kutafuta stori ingine. Tulia kwanza. Huyu msee alilala jela. Alizozana usiku na mwanamuziki mwenzake sokoni mpaka akachomoa silaha. Aliomba ruhusa ya wiki nne kazini, akarudi baada ya karibu miezi minne.

Lakini leo tunaingia nyumbani kwake, tuone vile alivyofunza watoi wake kusoma muziki na kucheza kinanda. Hiyo stori inaanza na wizi.

Yatima na daftari la kabatini

Bach alizaliwa Machi 1685 mjini Eisenach, Ujerumani, kwa ukoo ambao muziki ndio ulikuwa unga wa nyumbani. Buda yake alikuwa mwanamuziki wa mji, na jamaa kibao walikula kwa kazi hiyo hiyo. Maisha yakamgeuka mapema. Mwaka wa 1694 mamake alifariki. Februari 1695 babake naye akafuata. Kijana hajafika miaka kumi, na ashakuwa yatima pande zote mbili.

Alichukuliwa na brathe yake mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa akicheza ogani kanisani katika mji mdogo wa Ohrdruf. Huyo brathe ndiye alimwonyesha vile vidole hukaa kwa kinanda. Shida ni kuwa mtoi alimaliza kila alichopewa, akataka kingine. Kulikuwa na daftari moja lenye vipande vya wakali wa wakati huo, na brathe alikuwa amelifungia kwa kabati.

Familia ilisimulia baadaye kuwa mlango wa kabati hiyo ulikuwa wa wavu. Mkono mdogo ukapenya, ukalikunja daftari, ukalitoa. Mshumaa hakuwa nao, kwa hivyo alinakili kwa mwanga wa mbalamwezi, usiku baada ya usiku, kwa miezi sita. Alipomaliza, brathe akagundua, akampokonya nakala yote.

Hebu jiweke hapo. Miezi sita ya kukosa usingizi, halafu zii. Enzi hizo muziki ulioandikwa ulikuwa mali. Kuchapisha kulikuwa ghali, na ukitaka kipande fulani mara nyingi ulikaa chini ukakinakili kwa mkono. Mwenye daftari ndiye alikuwa na nguvu. Weka hiyo kabati akilini, juu itakusaidia kumwelewa akishakuwa buda.

Kijana wa ngori

Alipoingia miaka ya ishirini alikuwa na kazi ya ogani mjini Arnstadt, na kichwa ngumu. Mwaka wa 1705 alidharau uchezaji wa kijana mmoja wa basuni, jamaa akamvizia usiku na fimbo, Bach naye akachomoa upanga. Watu wakawaachanisha. Miezi michache baadaye alitembea zaidi ya kilomita 400 hadi Lübeck kumsikiza Dieterich Buxtehude, fundi wa ogani, na hapo ndipo wiki nne zikageuka miezi.

Mwaka wa 1707 alimwoa Maria Barbara. Mwaka uliofuata wakahamia Weimar, na watoi wakaanza kuja. Mwaka wa 1717 alipata ofa bora kwa mwanamfalme Leopold wa Köthen, lakini mtawala wa Weimar akakataa kumwachilia. Bach alisukuma mpaka akatupwa ndani karibu wiki nne. Kisha akafutwa, akapanga vitu, akahama na familia.

Kitabu cha mtoi wa miaka tisa

Sasa tuko Köthen. Tarehe 22 Januari 1720, Bach alichukua daftari tupu na kuandika kwa jalada jina la kijana wake wa kwanza, Wilhelm Friedemann. Mtoi alikuwa na miaka tisa na miezi miwili.

Ukilifungua, unaona mwalimu anayejua anaongea na nani. Kwanza kuna majina ya noti na mahali zinakaa kwa ile mistari mitano. Kisha kuna jedwali dogo la madoido: alama hii inamaanisha tetemesha noti, hii inamaanisha zungusha, na kando yake ameandika noti zenyewe ili kijana asibahatishe. Halafu kinakuja kipande kifupi sana, na juu ya noti kuna namba za vidole, mkono wa kulia na wa kushoto. Ukipata mtoi leo anacheza na namba za vidole juu ya noti, jua hata Bach alimfanyia kijana wake hivyo.

Kurasa zinavyoenda mbele, ndivyo vipande vinavyokuwa vigumu. Mwandiko wa buda na wa kijana unapokezana. Hii haikuwa zawadi ya kuwekwa kwa rafu. Waliijaza pamoja.

Ona kabati imeenda wapi. Yule mtoi aliyeficha daftari usiku sasa ni mtu mzima, na daftari la nyumba yake limebeba jina la mtoi.

Mwaka wa msiba

Miezi michache baada ya kuanza hilo daftari, Bach alisafiri na mwanamfalme hadi Karlsbad. Alipomuaga Maria Barbara alikuwa mzima. Aliporudi Julai 1720, alikuta mkewe ashafariki na ashazikwa. Watoi wanne walikuwa wamebaki bila mama, Friedemann akiwa na miaka tisa, karibu umri ule ule buda yake alipoachwa yatima.

Daftari halikufungwa. Lilizidi kujazwa. Ndani yake mna vipande vya sauti mbili na vya sauti tatu ambavyo wanafunzi wa piano dunia nzima bado wanatokwa na jasho navyo. Mwaka wa 1723 Bach alivipanga upya na kuvinakili kwa usafi, 15 vya sauti mbili na 15 vya sauti tatu, na akaeleza mwanzoni kuwa ni vya anayetaka kujifunza. Lengo lake lilikuwa mikono miwili iongee kila mmoja kivyake, vidole viimbe, na mwanafunzi aanze kuonja utamu wa kutunga.

Nyumba iligeuka shule

Desemba 1721 Bach alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji wa kulipwa mwenye miaka 20. Naye akapewa daftari lake 1722, na lingine 1725. Hilo la pili ni kama albamu ya familia. Mna nyimbo, mna kipande kuhusu kiko cha tumbaku, mna mistari ya vijana wakijaribu kutunga, akiwemo Carl Philipp Emanuel.

Mna pia ule wimbo mdogo wa dansi katika ufunguo wa G ambao karibu kila anayejifunza piano hukutana nao. Mwaka wa 1965 kikundi cha wasichana wa Marekani, The Toys, kilichukua melodi yake kikatengeneza hiti kubwa. Lakini cheki hii: si Bach aliutunga. Ni kazi ya Christian Petzold, mcheza ogani wa Dresden. Nyumba ya Bach ilinakili kilichowafaa watoi, haijalishi ni cha nani.

Mwaka wa 1723 familia ilihamia Leipzig, Bach akawa msimamizi wa muziki katika shule na kanisa la St. Thomas. Kazi ilikuwa nyingi, na bosi hawakukosa malalamiko. Lakini kwake wanafunzi walijaa, wake wa kuzaa na wa watu.

Alifunzaje?

Maelezo yaliyoachwa na watoi na wanafunzi wake yanatupa picha hii:

1. Vidole kwanza. Mwanafunzi mpya alianza na mazoezi mafupi ya kugusa vitufe, kila noti isikike safi, kila kidole kijitegemee. Hata kidole gumba, ambacho wengi walikuwa wakikiacha kining'inie, alikiweka kazini.

2. Mtoi akichoka, zoezi linageuka wimbo. Bach akiona subira imeisha, alitunga papo hapo kipande kidogo kilichoficha zoezi lile lile ndani yake. Mtoi anadhani anacheza ngoma, kumbe bado anafanya kazi.

3. Sikia kabla ya kucheza. Alimchezea mwanafunzi kipande chote kwanza ili ajue kinapaswa kusikika vipi. Mwanafunzi mmoja, Heinrich Gerber, alichezewa hivyo mkusanyiko mzima wa vipande vya funguo zote 24 mara tatu, siku ambazo mwalimu hakuwa na hamu ya kufunza.

Na hakuna aliyehitaji chombo cha kutisha. Klavikodi, kinanda kilichopendwa kwa mazoezi ya nyumbani, kilikuwa kidogo, kinatoshea mezani, na sauti yake ni ya chini kiasi cha kutoamsha mtoto aliyelala.

Watoi waliishia wapi?

Hapa hatutakupaka mafuta. Bach alizaa watoi 20, na nusu tu ndio walifika utu uzima. Gottfried Heinrich alikuwa na ulemavu wa akili, lakini alicheza kinanda vizuri, na ndugu zake walijua kuna kipaji hapo. Johann Gottfried Bernhard alijaa madeni, akatoroka kazi, akafa 1739 akiwa na miaka 24. Catharina Dorothea aliimba vizuri nyumbani, lakini kama mabinti wengi wa wakati huo hakufunguliwa mlango wa kazi kama ndugu zake. Friedemann mwenyewe, mwenye daftari, alikuwa fundi hatari, ila alikufa maskini Berlin mwaka wa 1784, baada ya kuuza kazi nyingi za buda yake.

Bach aliaga Julai 28, 1750, akiwa na miaka 65, baada ya operesheni mbili za macho zilizomwacha kipofu. Anna Magdalena alifariki 1760 akiishi kwa msaada wa watu. Pesa haikubaki.

Kilichobaki ni ile njia ya kufunza. Carl Philipp Emanuel, ambaye hakuwa na mwalimu mwingine wa kinanda ila buda yake, alichapisha mwaka wa 1753 kitabu kikubwa cha kucheza kinanda. Miaka mingi baadaye Beethoven alikitumia kumfunza mtoi aliyeitwa Carl Czerny. Czerny naye akaja kumfunza Franz Liszt. Kijana wa mwisho, Johann Christian, alienda London, na mwaka wa 1764 akakaa kwa kinanda na mtoi wa miaka minane aliyeitwa Mozart.

Kwa hivyo kama kuna mtoi kwenu anayebonyeza kibodi ovyo, usingoje pesa ya shule ya muziki ndiyo uanze. Mchezee kipande kifupi asikie. Kiandike kwa karatasi, weka jina lake juu, na namba za vidole juu ya noti. Akichoka, mgeuzie zoezi liwe wimbo. Halafu hiyo karatasi, tafadhali, usiifungie kwa kabati.